Ukingo wa Nyuma ya Goti

Mashine ile ilikuwa na sauti mbili. Ikizunguka bila kugusa kitu, ilivuma kwa sauti nyembamba isiyobadilika, na mtu angeweza kuizoea. Ikikutana na mti, sauti ilishuka ikawa nzito, vumbi jekundu likaruka, na hapo mimi niliacha kupumua. Sisemi hivyo kwa kupamba. Nilikuwa nikisikia kifua kinauma, ndipo nilipokumbuka kuvuta pumzi.

Kilichokuwa kikipigwa msasa ni mguu wa mama yangu.

Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, redio ikituhimiza asubuhi na jioni, na sukari ikipatikana kwa foleni. Sisi foleni hiyo haikutuhusu. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti kwa sababu ya kidonda kilichoanza kama lengelenge la kiatu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, nikapita jeshini kujenga taifa kama wenzangu wote, kisha nikarudi nyumbani Isevya, mjini Tabora, kungoja kupangiwa kazi. Baba alikuwa amefariki zamani. Nyumba ilikuwa yetu wawili, mama na binti yake.

Daktari aliyemkata aliniita pembeni siku ya kumruhusu. Alisema kigutu kimepona vizuri, na goti limesalia, jambo ambalo ni bahati kubwa kwa mtu anayetaka kutembea tena. Kisha akasema ngozi ya mgonjwa wa sukari haina hisia kamili. Ikichubuka kidogo anaweza asijue. Akianza kusikia maumivu, maana yake imeshachubuka sana. Na kidonda kingine kikija, watakata juu ya goti. Alisema hayo huku akifuta miwani yake kwa pindo la koti, kwa utulivu kabisa, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilibaki nimesimama kwenye varanda ya wodi, nikiyapanga maneno yake upya kila upande, nikitafuta namna ambayo yangetisha kidogo. Sikuipata.

Miguu ya mti ilitengenezwa kwenye karakana moja ya ushirika karibu na reli. Kazi yao hasa ilikuwa madawati na vitanda, lakini fundi mmoja pale alikuwa amefundishwa kutengeneza miguu na Mzungu wa misheni ambaye alikwisharudi kwao. Fundi alikuwa Mzaramo, mtu mnene, mwenye maneno mengi, aliyefika Tabora kwa treni akiwa kijana na hakuondoka tena. Sisi ni Wanyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, watu wetu walipokuwa wakishuka na mizigo hadi pwani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza yeye na mama hawakuzungumza kama fundi na mteja.

“Mtani,” alisema akimpima kigutu kwa uzi, “nikimaliza hapa nitakupima na jeneza kabisa, nisipoteze safari.”

“Pima la kwako kwanza,” mama akajibu. “Kwa tumbo hilo mbao za Tabora nzima hazitatosha.”

“Babu zako walitembea mpaka Bagamoyo na meno ya ndovu mabegani. Wewe sokoni tu hapo unashindwa.”

“Walifika Bagamoyo wakawakuta babu zako wamelala. Wakawaruka, wakaendelea na kazi.”

Vijana wa karakana walicheka wakaacha randa zao. Mimi sikucheka. Nilijua utani ni utani. Nimekua nao, nimeona watani wakilala kaburini kuzuia maziko mpaka wapewe chochote. Lakini lile neno jeneza lilinikaa. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Mguu ulichongwa kwa mninga uliotoka Sikonge, uliokauka muda mrefu juu ya dari ya karakana. Sehemu ya juu ilikuwa na tundu la kuingiza kigutu, kama kinu chembamba, na kinywa cha tundu hilo ndicho kilichokuwa hatari. Kinywa hakikuwa duara. Mbele kilipanda kufuata goti, pembeni kikainuka kushika vyuma vya bawaba, nyuma kikashuka kidogo. Ukingo wote huo uliopindapinda ulitakiwa uwe laini na mviringo, bila pembe. Fundi aliupiga kwa ngoma ndogo ya msasa iliyofungwa kwenye mota ya umeme, ngoma isiyozidi unene wa gunzi la hindi, ili iweze kuingia kwenye mapindo. Alipomaliza alichukua pamba mbichi, ya mashamba ya Nzega, akaiburuta ukingoni polepole. Mahali palipokuwa na unyuzi wa mti uliosimama, pamba ilinasa. Alirudia pale kwa mkono, akaburuta tena, mpaka pamba ikazunguka kinywa chote bila kuacha hata uzi.

Mama aliuvaa akiwa amekaa kwenye kiti, nyayo zote mbili chini. Akasimama. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Fundi akatangaza kwamba sasa hata mume atapatikana, mama akamwambia mume wa kumkataa anaye tayari, yupo mbele yake, na tukaenda nyumbani.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kukagua. Asubuhi kabla hajavaa, na jioni akishavua, nilipiga magoti mbele yake nikiwa na kioo kidogo cha mkononi, nikatazama ngozi yote. Mama alivumilia, ingawa mara nyingine aliuliza kama chuoni nilisomea miguu. Jioni moja nilivua soksi yake nyeupe nikakuta doa jekundu. Niliipeleka soksi dirishani, nikaigeuza, nikainusa, nikaiosha kwenye bakuli, nikatazama maji. Lilikuwa vumbi la mninga lililobaki ndani ya tundu, likalowana na jasho. Mti ule una wekundu unaofanana na damu, na hakuna aliyekuwa amenitahadharisha. Nilifuta tundu lote kwa kitambaa kibichi, na bado kwa siku nyingi kila nilipoona wekundu sikuwa na hakika kama natazama mti au natazama mtu.

Kisha akafa mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa hapo mjini, Mwarabu ambaye babu yake alitoka Omani akaoa na kuzikwa Tabora. Msiba ulikuwa kwenye nyumba yao kubwa yenye ua wa ndani. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, chumba hadi chumba. Watoto wa marehemu walimletea mama kiti. Alikikataa, akakaa chini kando ya msahafu uliokuwa ukisomwa. Na kwa kuwa haifai kunyoosha miguu mbele ya msahafu na mbele ya wafiwa, akaikunja upande, kama wenzake wote. Mimi nilikuwa jikoni na wapikaji. Sikumwona.

Siku matanga yalipoanuliwa, fundi alikuja nyumbani kutupa pole. Alikuta mama amekaa barazani na mguu wake ameuvaa.

“Mtani, pole sana,” alisema, akavuta kigoda, akakaa kwa adabu. Halafu utani ukamshinda. “Lakini nakuona. Leo umeuvaa mguu, au mguu ndio umekuvaa wewe?”

Nilingoja jibu la mama. Mama alitabasamu kidogo, akaniomba maji ya kunywa.

Ndipo nilipojua. Hata wodini, siku ya pili baada ya kukatwa, Mzaramo mmoja mfagiaji alimwambia kwamba mguu wake umetangulia kumshikia nafasi peponi, na mama, akiwa na homa, alimjibu. Sasa aliuacha utani uanguke chini kama hakuusikia. Nilimtazama fundi, naye alikuwa amekunja uso, anautazama mguu.

“Vua, mama,” nikasema.

“Nitavua jioni.”

“Mtani,” fundi alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “vua.”

Fundi aliondoka barazani ili nimtazame mama. Nyuma ya goti, pale ngozi inapokunjika, palikuwa na mstari mwekundu wa kulala, umevimba, na katikati yake sehemu inayong'aa, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Haijapasuka. Nilirudia kuangalia kwa kioo, nikaangalia na kivuli cha mkono, nikaangalia bila kivuli. Haijapasuka, lakini kesho ingepasuka.

Kosa lilikuwa wazi mara tulipoliona. Mguu ulikuwa umepimwa kwenye kiti, kwa sababu Mzungu alimfundisha fundi kupima kwenye kiti, na Mzungu hakai mkekani. Kwenye kiti goti hukunjwa nusu. Mkekani hukunjwa mpaka mwisho, na hapo ukingo wa nyuma ulikuwa ukiingia kwenye nyama kama kisu butu. Sote watatu tulikuwa tumekula na kuswali chini maisha yetu yote, na hakuna aliyefikiria mkeka.

Zahanatini walisema asiuvae mpaka ngozi ipone kabisa, na walirudia neno lile la daktari: juu ya goti. Mama aliwasikiliza vizuri. Njiani kurudi, akiwa juu ya baiskeli ya jirani tuliyoisukuma, aliniambia, “Arobaini ya dada nitakwenda, na nitakaa chini.”

“Kaa kwenye kiti, mama. Kila mtu anajua hali yako.”

“Kila mtu ni nani? Mimi na yeye tulilala mkeka mmoja mpaka anaolewa. Leo wanamsomea hitima, mimi nimekaa juu kama mkuu wa wilaya?”

“Kiti si dhambi.”

“Sikusema dhambi. Nimesema nitakaa chini.”

Nilikuwa na hoja nyingi. Nilizipanga usiku kwa mpangilio mzuri, hoja ya kwanza ikizaa ya pili. Asubuhi nilizitoa zote na mama akaniuliza kama uji uko tayari.

Basi nilikwenda karakana. Fundi alikuwa ameshatandika mkeka sakafuni, kati ya mabaki ya mbao, na alikuwa amekaa juu yake ameukunja mguu wake mnene upande, akijishika nyuma ya goti kwa vidole viwili na kuugua.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Njoo uone. Hapa. Ukingo lazima ushuke kiasi hiki, na ulale nje kama mdomo wa mtungi.”

“Basi ushushe.”

“Basi ushushe,” alinirudia. “Msomi, hapa mti umebaki mwembamba. Nikishusha bila kuulaza, utakata tu mahali pengine. Nikiulaza sana, nimetoboa. Nikitoboa, mninga mwingine mkavu sina. Wa kukata leo utakauka mwakani.”

Nikamwuliza kwa nini asitumie tupa, polepole, kwa mkono. Alisema mninga ule nyuzi zake zinapishana, na tupa ingeng'oa kipande ukingoni. Msasa wa mashine unalamba. Tupa inauma. Kisha akanyoosha viganja vyake mbele yangu, vigumu, vya kahawia, vyenye nyufa.

“Mtu mmoja anashika mguu kwenye ngoma. Mwingine anatia mkono ndani ya tundu, vidole nyuma ya pale panapopigwa. Mti ukiwa mnene, joto halipiti. Ukianza kuwa mwembamba, unasikia joto. Hapo unasema. Mimi kwa mikono hii nitalisikia joto moto ukiwaka. Hawa vijana nao vilevile. Wewe una mikono ya kushika kalamu.”

“Na mti ukitoboka?”

“Utakuwa wa kwanza kujua,” alisema, na vijana wakacheka.

Sikulala siku hiyo, na sitaki kueleza niliyoyaona nikiwa macho. Niliogopa vidole vyangu, ni kweli. Lakini zaidi niliogopa kusema. Ningesema mapema mno, ukingo ungebaki juu na ngozi ya mama ingepasuka. Ningechelewa kusema, mguu ungekwisha na mama angekwenda arobaini kwa magongo, akae chini hivyohivyo, aanguke. Kwa vyovyote vile neno lingetoka kinywani mwangu.

Tulianza asubuhi. Nilitia mkono wangu wa kulia ndani ya tundu, mahali kigutu cha mama hukaa, nikaweka ncha za vidole penye ukingo wa nyuma. Ndani mlikuwa laini na baridi. Fundi aliukumbatia mguu kifuani, akawasha mota, akausogeza. Sauti ikashuka. Mtetemo uliingia vidoleni, ukapanda mpaka kwenye kiwiko, ukafika menoni. Vumbi jekundu lilijaa nyusi zake na khanga yangu, tukapiga chafya kwa zamu. Alipitisha ukingo kwenye ngoma kwa mwendo wa kubembea, hasimamishi, kwa sababu ukisimama mahali pamoja ngoma inachimba shimo. Alipita, akarudi, akapita.

“Joto?”

“Bado.”

“Joto?”

“Sijui. Labda.”

“Labda si kipimo.”

Nilifumba macho. Kulikuwa na uvuguvugu, lakini sikuweza kujua kama ni wa mti au ni wangu mwenyewe, kwa kuwa mkono mzima ulikuwa unatoka jasho. Nilijiambia nisubiri. Nilijiambia ndivyo wanavyosema watu wote kabla ya msiba.

Jirani na karakana palikuwa na mashine ya kusaga unga, na sote tulikula umeme wa waya mmoja. Ile ilipokuwa ikisaga, mota yetu ilikwenda kwa uvivu. Hatukuifikiria. Wakati fundi yuko upande wa kulia wa ukingo, pembeni kidogo ya katikati, mwenye mashine ya unga aliizima, na umeme wote ukaja kwetu kwa mara moja. Mota ilipiga ukelele. Joto lilinichoma ncha ya kidole cha kati.

“Acha,” nikasema. Nadhani nilisema. Fundi alikuwa ameshauchomoa mguu na kurudi nyuma hatua nzima, akagonga benchi.

Alizima mota. Nilitoa mkono, vidole vilikuwa vitano, na kimoja kimegeuka chekundu. Yeye hakuutazama mkono wangu. Alikuwa ameuinua mguu kuelekea mlangoni penye mwanga. Kwenye ukingo mpya palikuwa na bonde dogo la ukubwa wa haragwe, na chini yake mti ulikuwa mwembamba kama ganda la kibuyu. Haukutoboka. Alipitisha kidole gumba juu yake, akapitisha tena, na niliona kidole kinatetemeka. Kuona vile kulinitisha kuliko mashine. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa kwa niaba ya watu wawili, nikiamini yeye haogopi.

“Sitaugusa tena kwa umeme,” alisema. “Kilichobaki ni mkono.”

Alikata ukanda wa msasa laini, tukashika mimi ncha moja na yeye nyingine, tukauvuta juu ya ukingo kama watu wanaong'arisha kiatu, mpaka bonde likapoteza pembe zake na kuwa sehemu ya mpindo. Pamba ilipopita bila kunasa, alimwambia mmoja wa vijana amwite mwenye mashine ya unga, kisha akabadili mawazo, akamwambia aache.

Siku ya arobaini ngozi ya mama ilikuwa imepona. Safari hii sikuingia jikoni. Nilikaa mkekani ubavuni mwake, na wale waliotaka nikachambue mchele walinitazama vibaya. Chumba kilijaa ubani na wanawake. Wanaume walikuwa uani, sauti zao za kusoma zikitufikia kupitia pazia. Mama alijishusha kwa kushika bega langu, akaukunja mguu wa kulia, kisha akaukunja wa kushoto, polepole, mpaka mwisho.

Nilitazama mikono yake. Uso wake ungeweza kunidanganya, mikono haikujua kudanganya. Ilikuwa imelala mapajani, wazi. Hitima ilikuwa ndefu. Kila alipohama kidogo nilihama naye. Mtoto wa marehemu alipokuja kumwinamia na kulia, mama aligeuka kumkumbatia, uzito wake wote ukaenda kushoto, na chini ya khanga nikasikia mti unalia. Mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa mbali. Wengine hawakusikia, au walidhani ni mkeka. Nilikaa pale na jasho linanishuka mgongoni, nikijua kuna ukingo uliopasuka na ncha yake imeelekea kwenye ngozi isiyosikia vizuri, na kwamba nikimwambia asimame sasa, mbele ya wote, hatanisamehe, na nisipomwambia sitajisamehe mimi. Nilimgusa mkono. Aliukamata wangu, akaushika hapohapo mpaka dua ikaisha.

Nyumbani sikungoja akae vizuri. Nilifungua mikanda, nikauvuta mguu, nikavua soksi. Ilikuwa nyeupe. Nikachukua kioo. Nyuma ya goti palikuwa na alama pana, ya waridi, kama ile inayoachwa na kamba ya kikapu mkononi. Nilibonyeza kwa kidole, ikawa nyeupe; nikaachia, rangi ikarudi. Nikabonyeza tena. Nikageuza mguu wa mti dirishani. Kutoka kwenye lile bonde palishuka ufa mwembamba kama unywele, mrefu wa nusu kidole, na kingo zake bado zimekutana. Pamba ingepita. Fundi angeufunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, akaacha ikaukie juu yake na kuubana. Alishanieleza kwamba hufanya hivyo. Lakini ungeweza kurefuka.

“Umepasuka,” nikamwambia.

“Nilisikia,” mama akasema.

“Ulisikia, ukakaa?”

“Ulitaka niende wapi, katikati ya dua?” Alivuta khanga akafunika goti. “Huo mpelekee fundi kesho. Ngozi?”

“Nzima.”

“Una hakika?”

Nilichukua kioo, nikatazama tena.